systemctl Inapoanguka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mtu anapoandika `systemctl` na badala ya jibu anapata kosa, ukimya, au terminali iliyoganda. Mara nyingi kilichoanguka si kile kinacholaumiwa, kwa hiyo majibu mengi hapa yanaanza kwa kumtafuta mhusika kabla ya kugusa chochote.

systemctl ni kitu gani hasa? Si ndiyo systemd yenyewe?

Hapana, na kuvichanganya hivi viwili kumewapotezea watu saa nyingi. systemd ni programu ya kwanza kuamshwa na kerneli, kiini cha Linux, yaani ndiyo mchakato namba 1. Ndiyo inayoanzisha huduma, kuzisimamia na kuzizima. systemctl ni tarishi tu: unamtuma, anabisha hodi kwa systemd, anasubiri jibu, anakuletea, kazi yake imekwisha. Hashiki huduma yoyote mkononi. Akianguka njiani, hifadhidata yako na seva yako ya wavuti haziguswi.

Tarishi huyu ana njia mbili. Ukiwa root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, hupitia soketi ya `/run/systemd/private`, moja kwa moja hadi kwa systemd. Ukiwa mtumiaji wa kawaida hupitia D-Bus, njia ya pamoja ambayo programu hutumiana ujumbe, kwenye `/run/dbus/system_bus_socket`. Tofauti hiyo ni kipimo cha bure: amri ikikubali kwa root na kukataa kwa mtumiaji wa kawaida, tuhumu D-Bus kwanza.

Kwa hiyo wapo wanne wa kuhojiwa: tarishi, njia, bwana mwenyewe (systemd), na huduma iliyoagizwa.

Sawa. Nitajuaje ni yupi kati ya hao wanne?

Anza na amri isiyohitaji kuzungumza na yeyote:

```
systemctl --version
echo $?
```

`--version` haibishi hodi popote. Ikianguka hapo, tatizo liko kwenye faili la programu, maktaba zake, au mazingira ya shell yako, programu inayopokea amri unazoandika. Ikijibu vizuri na kurudisha 0, tarishi ni mzima, endelea mbele:

```
ps -p 1 -o pid,stat,comm
systemctl is-system-running
```

Amri ya kwanza inapaswa kutaja `systemd`. Ikitaja kitu kingine, ruka hadi swali la kontena hapa chini. Ya pili ikijibu `running`, bwana yupo na anasikia. Ikijibu `degraded`, usishtuke. Maana yake kuna unit (kitu kimoja ambacho systemd inakisimamia, kama huduma) moja au zaidi iliyoshindwa, na `systemctl --failed` itakuonyesha ni ipi. Isipojibu kabisa, umefika penyewe.

Hizo namba za `echo $?` zinasomwaje?

Mchakato ukiuawa na ishara, shell huchukua namba ya ishara hiyo na kuongeza 128. Kwa hiyo 139 ni ishara ya 11, programu imegusa sehemu ya RAM isiyo yake. 134 ni ishara ya 6: programu ilikuta jambo ambalo mwandishi wake aliapa haliwezi kutokea, ikajiua. 137 ni ishara ya 9, ameuliwa na mwingine, na mara nyingi muuaji ni kerneli baada ya RAM kwisha. 132 ni ishara ya 4, prosesa imepewa agizo isilolijua. 127 ni kesi tofauti: amri haikupatikana, au ilipatikana lakini maktaba yake moja haipo.

Sasa zile zinazowachanganya watu. `systemctl status` hurudisha 3 ikiwa huduma haijawashwa, na 4 ikiwa hakuna unit yenye jina hilo. Hayo ni majibu halali kabisa. Nimekutana na hati za Bash zenye `set -e` juu, agizo la kukatisha hati amri yoyote isiporudisha 0, halafu katikati kuna `systemctl status` ya huduma iliyozimwa; hati inakatika pale, na mwenye hati anaapa kwamba systemctl imeanguka. Haijaanguka. Imemwambia ukweli, na hati yake ikauchukulia kuwa kosa.

Napata `Job for nginx.service failed because the control process exited with error code`. Niisanikishe systemd upya?

Usithubutu. Tarishi alifika, bwana alisikia, huduma ndiyo iliyokataa kuwaka. Soma `journalctl -u nginx -b` na urekebishe huduma yenyewe. Kama umeandika faili la unit kwa mkono wako, lipitishe kwenye `systemd-analyze verify` kwanza. Sina zaidi ya kusema hapa, ila kwamba hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote.

Inaandika `Segmentation fault (core dumped)` kila ninapoiita. Nifanyeje?

Kwanza kusanya ushahidi kabla hujasafisha eneo la tukio:

```
coredumpctl list systemctl
coredumpctl info systemctl
```

Kwenye Debian na Ubuntu amri hiyo huja na kifurushi cha `systemd-coredump`, ambacho huenda hakijasanikishwa. Bila hicho, itazame kerneli: `journalctl -k | grep segfault`, au `dmesg`. Utakuta mstari mmoja unaotaja programu, anwani, na faili ambamo ilianguka, kwa mfano `in libc.so.6`. Usikimbilie kuilaumu hiyo libc, maktaba ya msingi inayotumiwa na karibu kila programu. Mara nyingi huanguka kwa sababu mwingine ameipa anwani mbovu. Mwili umekutwa mlangoni pake tu.

Kisha hakikisha mafaili hayajaharibika:

```
dpkg -V systemd libsystemd0
rpm -V systemd systemd-libs
```

Ya kwanza ni ya familia ya Debian, ya pili ni ya Fedora na RHEL. Zikikaa kimya, mafaili ni mazima. Ukiona `5` kwenye mstari wa faili la programu au maktaba, yaliyomo yamebadilika tangu yasanikishwe. Kwa faili la usanidi, lenye alama ya `c`, hilo ni jambo la kawaida, kwa sababu huenda umelihariri mwenyewe. Kwa `/usr/bin/systemctl` si kawaida hata kidogo: ama diski inaharibu data, ama uboreshaji ulikatika katikati, ama kuna mtu ameingia. Uwezekano huo wa tatu usiupuuze kwa sababu tu haupendezi.

Kurudisha mafaili ni `apt install --reinstall systemd libsystemd0` au `dnf reinstall systemd systemd-libs`. Ujue kwamba hati za vifurushi vingi nazo huiita systemctl wakati wa kusanikisha, kwa hiyo usanikishaji unaweza kulalamika mara ya kwanza. Kwenye Debian, `dpkg --configure -a` humalizia kilichobaki.

Mafaili yote ni mazima, lakini bado inaanguka. Ajabu ni kwamba nikiweka `sudo` mbele inafanya kazi.

Hapo umenipa jibu mwenyewe. `sudo` husafisha mazingira kabla ya kuendesha amri. Shell yako haisafishi. Kuna kitu kwenye mazingira yako kinachoilazimisha systemctl kupakia maktaba isiyo yake. Jaribu hivi:

```
env -u LD_LIBRARY_PATH -u LD_PRELOAD systemctl status
env -i /usr/bin/systemctl status --no-pager
```

Zikifanya kazi, umemkamata. Tafuta `LD_LIBRARY_PATH` na `LD_PRELOAD` ndani ya `~/.bashrc`, `~/.profile`, `/etc/environment` na mafaili ya `/etc/profile.d/`.

Hili lilinila usiku mzima. Seva ilikuwa na programu moja kubwa ya kibiashara ambayo kisanikishaji chake kiliandika `LD_LIBRARY_PATH` kwenye wasifu wa kila mtumiaji, ikielekeza kwenye folda yake yenye toleo la zamani la libcrypto. Yenyewe ilikuwa raha mustarehe. systemctl, ambayo ilitarajia libcrypto ya mfumo, ilikuwa ikianguka kila nikiigusa. Nilisanikisha systemd upya mara mbili kabla ya kufikiria kuandika `env`. Tangu siku hiyo `env` ndiyo amri yangu ya pili, mara tu baada ya `--version`.

Kama kila programu inaanguka, hata `ls`, tazama `/etc/ld.so.preload`. Maktaba iliyotajwa humo hupakiwa ndani ya kila programu inayotumia maktaba za pamoja. Kwenye mashine nyingi faili hilo halipo kabisa.

`error while loading shared libraries: libsystemd-shared-...so`. Niipakue hiyo maktaba kutoka mahali fulani?

Usifanye hivyo. Ile namba kwenye jina la faili ni toleo la systemd, na lazima ilingane na systemctl uliyonayo. Maktaba ya toleo jingine haitasaidia hata ukibadilisha jina lake, na kuna watu hujaribu kweli. Sababu ya kawaida ni uboreshaji uliokatika: umeme ulizimika, diski ilijaa, au mtu alibonyeza Ctrl+C kwa kukosa subira. Ona kilichokosekana:

```
ldd $(command -v systemctl)
```

Penye `not found` ndipo penye pengo. Malizia uboreshaji au sanikisha vifurushi upya kama ilivyoelezwa juu. Mashine ikiwa haiwaki, iwashe kwa diski ya USB ya toleo hilohilo la Linux, unganisha diski yako, ingia kwa `chroot`, amri inayokuweka ndani ya mfumo ulio kwenye diski hiyo, ufanye kazi hiyo kutoka humo. Ukiwa ndani ya chroot, `systemctl start` itagoma na ndivyo inavyotakiwa, ila `systemctl enable` itafanya kazi kwa sababu yenyewe hutengeneza viungo vya mafaili tu.

`System has not been booted with systemd as init system (PID 1). Can't operate.`

Bwana hayupo nyumbani. Nyumba hii ina bwana mwingine. Ndani ya kontena la Docker, mchakato namba 1 kwa kawaida ni programu yako mwenyewe, kwa hiyo tarishi hana wa kumbishia. Usihangaike kuingiza systemd humo ili tu uwashe huduma moja. Endesha programu yenyewe, na anayesimamia kontena ndiye aiamshe ikifa.

Kwenye WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows, systemd inapatikana tangu Septemba 2022. Weka mistari hii kwenye `/etc/wsl.conf`, kisha toka na uandike `wsl --shutdown` upande wa Windows:

```
[boot]
systemd=true
```

Na kama unatumia Alpine, Devuan au Void, hakuna kilichoharibika. Hizo hazitumii systemd. Alpine ina `rc-service`, Void ina `sv`.

Nikiwa root naandika `su - fulani`, halafu `systemctl --user` inasema `Failed to connect to bus: No medium found`.

`su` imekubadilisha jina, haikukufungulia kikao kamili, kwa hiyo `XDG_RUNTIME_DIR` haipo na tarishi hajui abishe mlango upi. Tangu toleo la 248 njia safi ni hii, kutoka kwa root:

```
systemctl --user -M fulani@ status
```

Ikiwa huduma za mtumiaji huyo zinatakiwa kuendelea hata akiwa hajaingia, mpe `loginctl enable-linger fulani`.

Haianguki, inaganda tu. Nimesubiri dakika nzima.

Kabla ya lolote, bonyeza `q`. Nasema kweli. systemctl hupitisha majibu marefu kwenye `less`, na ukiona `lines 1-20` chini ya skrini, inakusubiri wewe. `--no-pager` huondoa tabia hiyo.

Kama si hilo, tofautisha aina mbili za kusubiri. `systemctl start` hungoja hadi huduma iseme imewaka, na muda wa kawaida ni sekunde 90 kabla ya systemd kukata tamaa. Fungua terminali nyingine uandike `systemctl list-jobs` kuona kazi iliyokwama. `--no-block` hukuwezesha kuagiza na kuondoka. Lakini ikiwa hata `systemctl status` inakaa kama sekunde 25 kisha inatoa kosa la `timed out`, hiyo ni D-Bus imechoka kumsubiri systemd ajibu. Dalili inayoambatana nayo ni kuingia kwa SSH kunakochelewa kwa muda uleule.

Ukitaka kuona tarishi anakwama hatua gani:

```
SYSTEMD_LOG_LEVEL=debug systemctl status
strace -f -o /tmp/nyayo systemctl status
```

Mistari kumi ya mwisho ya `/tmp/nyayo` kwa kawaida hutosha.

Nimeona kwenye logi: `systemd[1]: Caught <SEGV>` na baadaye `Freezing execution.` Hii ni mbaya kiasi gani?

Mbaya. Aliyeanguka sasa ni bwana mwenyewe. Kerneli ya Linux hupatwa na taharuki mchakato namba 1 ukifa, kwa hiyo systemd ikigundua kwamba imejikwaa vibaya haifi; inafunga milango yake yote na kuganda. Huduma zilizokuwa zinaendelea zinaendelea. Lakini ikifa moja hakuna wa kuiinua, vipima muda havilii, na kila systemctl utakayoandika itagonga ukuta. `daemon-reexec` haitasaidia, wala ishara yoyote, maana aliyeganda hasikii.

Imeshatokea kwa sababu za usalama. Mwaka 2016, katika CVE-2016-7795 (CVE ni namba ya orodha ya udhaifu wa usalama unaojulikana), ujumbe mtupu uliotumwa na mtumiaji yeyote kwenye soketi ya taarifa ulitosha kumgandisha systemd. Mwaka 2021, katika CVE-2021-33910, ilikuwa njia ya saraka ndefu kupita kiasi, inayozidi MB 8, iliyounganishwa kama mfumo wa mafaili. Zote mbili zilizibwa zamani. Ukiziona leo, una systemd ambayo haijaboreshwa kwa miaka.

Cha kufanya ni kuwasha mashine upya, ila kwa mpangilio. Zima kwanza vinavyotunza data kwa zana zao wenyewe, bila kupitia systemctl: `pg_ctl stop -m fast` kwa PostgreSQL, `mysqladmin shutdown` kwa MySQL. Hifadhi logi mahali salama. Andika `sync`. Kisha:

```
systemctl reboot -ff
```

Hizo `f` mbili zina maana: systemctl inafanya kazi hiyo yenyewe bila kumwuliza systemd, ndiyo maana inafaulu hata bwana akiwa ameganda. Gharama yake ni kwamba haizimi mchakato wowote wala haitenganishi diski. Mimi napendelea njia ya kerneli, kwa sababu angalau huifanya diski isiandikike kabla ya kuzima:

```
echo s > /proc/sysrq-trigger
echo u > /proc/sysrq-trigger
echo b > /proc/sysrq-trigger
```

Acha sekunde chache kati ya mstari na mstari. Ya tatu huwasha upya papo hapo, bila kuaga.

Nilianzisha upya D-Bus, sasa kila kitu kimevurugika.

Usianzishe upya D-Bus kwenye mashine inayofanya kazi. Programu nyingi hazijui kurudi kwenye foleni zikishatolewa. Kama limeshatokea, jaribu `kill -USR1 1` ukiwa root, ishara inayomwambia systemd ajiunge na D-Bus tena. Ikishindikana, washa mashine upya.

`daemon-reload` inakataa ikisema hakuna nafasi, na diski yangu ina GB 200 tupu.

Si diski hiyo. `/run` hukaa kwenye RAM na ina ukomo wake. systemd huandika hali yake yote humo kabla ya kujipakia upya, na hukataa ikiwa nafasi iliyobaki ni chini ya MB 16, maana kuishiwa katikati ya kuandika kungekuwa maafa. Angalia `df -h /run`, kisha `du -xsh /run/*`. Mara nyingi utakuta logi ya `/run/log/journal` au programu iliyosahau kufuta mafaili yake. Usifute chochote ndani ya `/run/systemd`.

Nimeboresha systemd. Je, lazima niwashe upya?

Kwa kawaida kifurushi chenyewe huita `systemctl daemon-reexec`, na systemd mpya huchukua nafasi ya ya zamani bila kuzima huduma. Linganisha `systemctl --version`, ambalo ni toleo la tarishi, na `systemctl show -p Version`, ambalo ni la bwana aliye kazini. Zikitofautiana, iite wewe.

Inaanguka leo, kesho haianguki, na si systemctl peke yake.

Hapo shuka kwenye vifaa. Acha memtest86+ ipime RAM usiku kucha, na uangalie diski kwa `smartctl -a`. Kuanguka kusiko na mpangilio, kila mara kwenye maktaba tofauti, ni tabia ya RAM mbovu.

Lipo jingine linalofanana na hilo ila lenyewe ni la kila mara: mashine pepe iliyopewa prosesa ya kuigiza ya zamani mno. RHEL 9 inadai kiwango cha x86-64-v2, RHEL 10 inadai v3. Chini ya hapo hakuna programu itakayowaka. Badilisha aina ya prosesa kwenye mipangilio ya mashine pepe.

Nimejiridhisha ni hitilafu ya systemctl kweli. Niripoti wapi, na niweke nini?

Anza kwa waliokutengenezea kifurushi, yaani Debian, Fedora au yeyote uliyechukua kwake, kwa sababu wao huongeza viraka vyao. Watayarishaji wa systemd wenyewe hupokea ripoti kwenye GitHub, na watakuuliza kwanza kama hitilafu ipo kwenye matoleo ya karibuni. Weka matoleo yote mawili niliyotaja juu, amri kamili uliyoandika, matokeo ya `coredumpctl info`, na hatua za kuirudia ukizijua. Faili la kore lenyewe usilibandike hadharani. Ni picha ya RAM ya programu ile, pamoja na mazingira ya shell yako, na humo huwamo maneno ya siri.